Sanduku la kura huanzia kwenye zabuni

Ndugu msikilizaji, mazungumzo yetu ya juma hili yanahusu jambo lisilo na ngoma wala vigelegele. Uchaguzi unapokaribia, sisi wa mjini huzungumzia wagombea, vyama, mikutano ya Jangwani na rangi za fulana. Mara chache sana mtu huuliza karatasi ya kura imechapwa na nani, mashine ya kusoma alama za vidole imenunuliwa wapi, na ni nani aliyetia saini kwamba vitu vimefika na vimefika vyote. Hayo tunayaona kuwa ni mambo ya makarani. Lakini wakazi wa Dar es Salaam, kuanzia Kariakoo hadi Kigamboni, wanayo sababu kubwa ya kuyafuatilia, kwa kuwa kura zao ziliwahi kufutwa kwa ajili ya mambo hayo hayo ya makarani.

Turudi nyuma hadi Jumapili ya tarehe 29 Oktoba 1995. Ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu nchi iliporudia mfumo huo mwaka 1992. Waliogombea urais walikuwa wanne: Benjamin Mkapa wa CCM, Augustino Mrema wa NCCR-Mageuzi, Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF na John Cheyo wa UDP. Jijini hamu ilikuwa kubwa, na watu waliamka mapema kwenda kupanga foleni. Walichokikuta ni milango iliyofungwa. Vituo vingi vilichelewa kufunguliwa, vingine havikufunguliwa kabisa. Karatasi za kura na vifaa vingine ama havikufika, ama vilifika pungufu, ama vilifika jua likiwa limekwisha kutua katika mioyo ya watu.

Tume ya Taifa ya Uchaguzi, chini ya Jaji Lewis Makame, ikafuta uchaguzi katika majimbo yote saba ya mkoa na kuamuru urudiwe tarehe 19 Novemba. Vyama vya upinzani vilitaka nchi nzima irudie, na vilipokataliwa wagombea wao wa urais wakajitoa katika marudio hayo. Foleni za Novemba hazikufanana na zile za Oktoba. Mkapa akatangazwa mshindi kwa asilimia 61.8, akaapishwa tarehe 23 Novemba.

Sasa tujiulize, kwa nini hali hiyo ikaupata mji wetu? Kasoro zilikuwapo mikoani pia, lakini mkoa uliofutiwa majimbo yake yote ni huu wenye bandari, wenye mitambo ya uchapaji, wenye maghala makuu ya serikali, na wakati ule ndio uliokuwa na makao ya Tume yenyewe. Kutoka Ukumbi wa Jiji hadi Kariakoo ni mwendo wa miguu, wala hapana mto wa kuvuka. Kwa hiyo umbali haukuwa sababu, na mvua haikuwa sababu. Wahenga walisema giza huwa chini ya taa.

Tuangalie jinsi kazi ilivyogawanywa. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 1985 ilimfanya mkurugenzi wa halmashauri kuwa msimamizi wa uchaguzi katika eneo lake. Tume inatoa maagizo na vifaa vikuu, halmashauri inapokea, inagawa, inakodi magari na kutafuta watu wa vituoni. Dar es Salaam ya mwaka 1995 ilikuwa na halmashauri moja tu ya jiji, yenye majimbo saba ndani yake. Halmashauri hiyo ilikuwa hoi hata kwa kazi zake za kila siku. Taka zililundikana mitaani, barabara zilikuwa mashimo matupu. Mwezi Juni 1996 serikali iliivunja na kuweka Tume ya Jiji iliyoongozwa na Charles Keenja, na mwaka 2000 zikazaliwa manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke. Ndugu msikilizaji, chombo kilichoshindwa kuondoa taka sokoni kingewezaje kupeleka karatasi za kura katika mamia ya vituo kabla ya alfajiri?

Baada ya siku ile yalizuka maneno mengi. Wapo waliosema ni hujuma, kwa kuwa upinzani ulikuwa na nguvu mjini. Wapo waliosema ni uzembe mtupu. Maneno hayo yamedumu hadi leo, na yamedumu kwa sababu moja kubwa: mwananchi wa kawaida hakuwa na karatasi mkononi inayoonyesha nani aliagizwa kuleta nini, lini, na nani alipokea. Wakati ule nchi haikuwa hata na sheria maalumu ya manunuzi ya umma. Ya kwanza ilitungwa mwaka 2001. Pasipo hati, uzembe hufanana na hujuma, na hujuma inaweza kujificha nyuma ya uzembe.

Wengine watasema hayo ni ya zamani, siku hizi ziko mashine. Haya, tuziangalie mashine.

Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lilianza kuandikwa mwaka 2004 na likatumika katika uchaguzi wa mwaka 2005. Miaka kumi baadaye Tume, chini ya Jaji Damian Lubuva, iliamua kuliandika upya kwa mashine za BVR, zinazochukua picha na alama za vidole. Kazi ilianza Februari 2015 Makambako, mkoani Njombe. Mashine zilizotakiwa zilikuwa 8,000, lakini wakati wa kuanza zilizokuwapo zilikuwa mia chache tu, na zilizobaki zilikuja kwa mafungu. Matokeo yake ni nini? Kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa, iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015, iliahirishwa mwanzoni mwa mwezi huo kwa kuwa uandikishaji ulikuwa haujakamilika. Haijafanyika hadi leo. Jambo zito kama Katiba ya nchi lilikwama likingoja mzigo ufike! Dar es Salaam iliwekwa mwishoni, Julai hadi mwanzoni mwa Agosti, siku zikaongezwa, na watu wakalala foleni tena.

Na hata pasipo mashine, halmashauri zetu zilikuwa zimetoa somo jingine miezi miwili kabla ya Makambako. Tarehe 14 Desemba 2014 ulifanyika uchaguzi wa serikali za mitaa, ambao haukuwa chini ya Tume bali chini ya TAMISEMI, na maandalizi ya vifaa yalikuwa mikononi mwa halmashauri zenyewe. Sehemu kadhaa karatasi zilichelewa au zilikuwa na makosa, na upigaji kura ukalazimika kurudiwa. Rais Jakaya Kikwete aliwaondoa kazini wakurugenzi 6, mmojawapo akiwa wa Mkuranga, jirani zetu hapa. Adhabu ilikuwa ya haki, lakini ilikuja baada ya kura kuharibika. Maji yakimwagika hayazoleki.

Majirani zetu wa Kenya wana hadithi ndefu zaidi. Tarehe 4 Machi 2013 walipiga kura wakiwa na vifaa vya kisasa vya kumtambua mpiga kura. Katika vituo vingi vifaa vikazimika, betri zikaisha, na madarasa mengi yaliyotumika kama vituo hayakuwa na umeme wa kuzichaji. Makarani wakarudi kwenye daftari la karatasi. Mwaka uliofuata, mahakama moja ya London iliwatia hatiani wakubwa wa kampuni ya uchapaji ya Smith & Ouzman ya Uingereza kwa kuwahonga maofisa wa Kenya na Mauritania ili wapate kazi, ikiwamo ya kuchapa karatasi za kura. Katika barua zao hongo hiyo iliitwa "kuku". Mnunuzi wa soko la Kariakoo anajua bei ya kuku. Kuku wale waliliwa na wachache, na mlipaji alikuwa mwananchi wa Kenya.

Ukiyaweka matukio haya pamoja utaona kwamba mahali panapovunjika hapabadiliki. Panavunjika pale anayenunua anapomkabidhi anayetumia. Tume au wizara inatia saini, halmashauri inapokea, na kitu kikikosekana kila mmoja anamwonyesha mwenzake kidole. Mpiga kura amesimama katikati, juani.

Wafanyabiashara wetu wa Kariakoo wangeweza kuwafundisha wakubwa kazi hii. Mwenye duka wa Mtaa wa Kongo hapokei mzigo godauni kwa kuangalia gari limejaa. Anahesabu boksi kwa boksi, anafungua moja moja, anajaribu bidhaa, anauliza kikiharibika nani anatengeneza, ndipo anatia saini na kulipa. Anafanya hivyo kwa sababu hasara ni yake. Katika uchaguzi hasara ni ya umma, na ndiyo maana umma unapaswa kuwa na macho hapo.

Sheria zimesogea, na haki yake tuiseme. Tangu mwaka 2023 zabuni za umma, zikiwamo za halmashauri, zinapitia mfumo wa kielektroniki uitwao NeST. Sheria za mwaka 2024 zikaipa Tume jina jipya la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Lakini jina na kompyuta havihesabu maboksi. Tarehe 29 Oktoba 2025, miaka 30 kamili tangu siku ile ya milango iliyofungwa, nchi ilipiga kura tena, na Dar es Salaam ikaingia katika vurugu, intaneti ikazimwa na watu wakaamriwa kutotoka nje usiku. Hayo yana uzito wake na yanastahili mazungumzo yake. Itoshe kusema kwamba mahali ambapo imani imepungua, hata karatasi moja iliyochelewa kituoni haiaminiki tena kuwa ni bahati mbaya.

Tunachokiomba ni kidogo. Kabla ya uchaguzi wowote, ule wa mtaa au ule wa taifa, ubao wa matangazo wa kila halmashauri uonyeshe vifaa gani vimeagizwa, kwa nani, vinatakiwa kufika tarehe gani, vimefika vingapi, na fundi gani ataitwa mashine ikigoma saa tano asubuhi. Mawakala wa vyama wawepo ghalani mzigo unapohesabiwa, wasingoje kituoni. Madiwani wetu, ambao kazi yao ni kuisimamia halmashauri, waulize maswali hayo vikaoni kabla wananchi hawajayauliza foleni. Na sisi wananchi tumwulize diwani, badala ya kumwomba fulana.

Kura ni siri ya mtu, lakini mkataba wa kuileta kura hiyo haukupaswa kuwa siri kamwe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa mwaka 1995 tuliujenga kwa siku 21.

Hadi juma lijalo, kwaherini.