Kompyuta ilivyofundishwa kukata maneno marefu

Mdogo wangu wa Kebirigo anasomea uuguzi, na maneno ya Kiingereza ya hospitali yanamtoa jasho. Kuyaandika anajua, kuyatamka ndiyo kazi. Chukua hepatitis: hep-a-TI-tis (herufi kubwa ndizo zenye mkazo). Badilisha mkia upate hepatology, na mkazo unahama: hep-a-TOL-o-gy.

Kiswahili hakina usumbufu huo. Ke-bi-RI-go, Nya-MI-ra, u-u-GU-zi: silabi karibu zote huishia kwa irabu, na mkazo hukaa ya pili kutoka mwisho. Hata neno la kukopa hutii. Waingereza husema pneu-MO-nia, sisi ni-mo-NI-a. Programu ya kukata silabi zetu unaweza kuiandika jioni moja, ingawa dak-ta-ri itakuchelewesha kidogo.

Kiingereza kiliwasumbua hata wakubwa. Mwaka 1977, Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford na mwanafunzi wake Franklin Liang walitunga sheria za kukata maneno mwishoni mwa mstari kwa ajili ya TeX, programu ya kupanga chapa. Ondoa mkia, ondoa kiambishi cha mwanzo, kata kati ya konsonanti mbili. Zilipata kama asilimia 40 tu ya sehemu zinazofaa kukatwa.

Basi Liang akaachana nazo. Katika tasnifu yake ya 1983, kompyuta ilijifunza yenyewe kutoka kamusi ya mfukoni ya Webster, ikatoa vipande 4447 vya herufi na namba, kama hy3ph na hena4. Namba witiri inaruhusu kukata, shufwa inakataza, na kubwa huishinda ndogo. Vilipata asilimia 89. Kwa mashine za enzi ile, mimi namvulia kofia!

Hata hivyo vipande huona herufi, havisikii sauti. Project ikiwa nomino ni PROJ-ect, ikiwa kitenzi ni pro-JECT. TeX iliamua kutolikata kabisa, na present vilevile.

Halafu kuna ugomvi wa bahari mbili. Wachapaji wa Uingereza kwa desturi ya zamani walikata kwa kufuata asili ya neno: psycho-logy. Wamarekani hufuata matamshi: psy-chol-o-gy. Mkato wa kwanza unakuonyesha mzizi wa Kigiriki lakini unaficha mkazo. Wa pili unakuachia chol peke yake, na hapo ndipo sauti hupanda.