Starehe Chini ya Uluguru

Karne ya 19 Ulaya ilikuwa na miji iliyoishi kwa maji ya chemchemi. Wenye fedha walikwenda Baden-Baden au Karlsbad wakilalamikia baridi yabisi. Asubuhi wanakunywa maji yenye ladha ya kutu, jioni wanasikiliza muziki na kucheza kamari. Tiba ilikuwa sababu ya kuwaambia jirani.

Wajerumani walipoitawala Tanganyika walikuja na mazoea hayo, ila huku walichokitafuta ni hewa. Malaria iliwamaliza pwani, wakakimbilia milimani. Kule Usambara walijenga nyumba ya wagonjwa Wugire, na mji wa Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo. Reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Morogoro mwaka 1907, zamu ikawa ya Uluguru. Mjerumani aliyechoshwa na joto la bandari alishuka stesheni, kisha akapanda hadi Morningside, nyumba iliyojengwa mlimani juu ya mji.

Chemchemi za maji moto zipo pia, kusini mwa milima, upande wa Kisaki. Hakuna mji wa mapumziko uliochipuka pale, na si ajabu: anayetokwa jasho tangu alfajiri hana haja ya kuoga maji ya moto. Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yakaingia Morogoro, na habari ya Wajerumani ikaishia hapo.

Kwa Waluguru mlima ulikuwa shamba. Mwaka 1955 walipolazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko, waligoma, na ghasia zikazuka Matombo. Waliokuja kupunga upepo na waliokuwa wakilima mteremko ule ule hawakuwa na mengi ya kuzungumza.

Starehe iliyoupa mji jina ilizaliwa bondeni. Kulikuwa na reli, kulikuwa na mashamba ya mkonge, na mwisho wa mwezi kulikuwa na mshahara wa kutumia. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Miaka minne baadaye Salum Abdallah, kijana wa hapo hapo aliyezipenda mno santuri za Kuba, akaunda La Paloma, ambayo baadaye ikawa Cuban Marimba. Mashabiki wakagawanyika, kila upande na bendi yake. Salum alifariki katika ajali ya gari mwaka 1965, na nyota ya Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa Morogoro Jazz, ikaanza kung'aa. Mwaka 1970 Mbaraka na wenzake walipiga muziki Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia. Sijui kama kuna nyumba ya wagonjwa iliyowahi kuutangaza mji wake hadi huko.

Wenyeji wanauita mji kasoro bahari, kwa majivuno zaidi kuliko masikitiko. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inawaleta watu wa Dar es Salaam kwa muda wa saa mbili hivi, na baadhi yao hupanda Morningside kwa miguu.