Televisheni isiposhika Mkongani, chunguza antena kwanza

Kwa mkazi wa Mkongani, Kaunti ya Kwale, picha kukwama kwenye televisheni si lazima iwe dalili ya king'amuzi kibovu. Tangu Kenya ilipozima mitambo ya analogia mwaka 2015, mawimbi hafifu hayaleti tena chenga. Picha huganda, hukatika vipande vipande, kisha hutoweka.

Sababu ya kwanza ni mahali. Mawimbi ya UHF husafiri kwa mstari ulionyooka, hivyo Milima ya Shimba na miti mirefu huyazuia au kuyapunguza nguvu. Inua antena juu ya paa, uizungushe polepole huku mwenzako akitazama kipimo cha mawimbi kwenye king'amuzi, kisha mtafute stesheni upya.

Pili, kagua waya. Maji yakiingia kwenye kiungio, huota kutu. Kata sehemu iliyoharibika, uunge upya na kuziba vyema.

Kikuza mawimbi hakisaidii pale antena isiposhika chochote.

Usipande paani wakati wa radi wala karibu na nyaya za umeme. Hayo yote yakishindikana, ndipo ufikirie kununua king'amuzi kingine.