Ufito Huchaguliwa na Tumbo la Samaki

Huku kwetu Nyalikungu, Maswa, kuvua kwa ndoana si jambo la kufundishana miaka. Mwanzi, mshipi, chambo, basi. Unakaa ukingoni mwa lambo unamngoja kambare. Kambare si mtu wa kuchagua sana: akimeza, amemeza. Kwake mwanzi wowote unatosha.

Lakini yuko samaki mwingine, mjanja, anayeitwa trauti. Hapa kwetu haishi, maji yetu ni ya moto mno. Kenya aliletwa mwaka 1905, pale mlowezi Ewart Grogan alipopandikiza kizazi cha Loch Leven, Uskochi, katika mto Gura, milima ya Aberdare. Huyu huvuliwa kwa nzi bandia, na juu ya nzi huyo Waingereza waligombana kweli kweli.

Frederic Halford na wafuasi wake walishikilia kwamba uungwana ni kutumia nzi anayeelea juu ya maji tu. Mwanasheria mmoja, G.E.M. Skues, akakataa. Yeye alichukua kijiko chembamba, akachota vilivyomo tumboni mwa trauti, akatazama. Kumbe wengi walikuwa wamekula tunutu, yaani wadudu wachanga wanaoishi chini ya maji kabla hawajaota mbawa! Akayaandika hayo katika kitabu mwaka 1910. Wakubwa hawakupenda. Mwaka 1938, baada ya mabishano na wenzake, akaachana na sehemu ya mto Itchen aliyoivua miaka mingi. Baadaye mlinzi wa mto, Frank Sawyer, akatengeneza tunutu wa manyoya na waya wa shaba ili azame upesi.

Sasa ufito. Wa zamani ulikuwa wa mbao au mianzi iliyopasuliwa na kugundishwa, mzito. Baada ya Vita Kuu ya Pili ukaja wa fibaglasi, na miaka ya 1970 wa kaboni, mwepesi kabisa. Hapo ndipo urefu ulipoacha kuumiza mkono.

Na kwa tunutu urefu una maana. Chagua ufito wa futi 10 au 11, wa mshipi mwembamba, namba 2 hadi 4. Urefu hukuwezesha kuuinua mshipi juu ya maji, mkondo usiuburute. Ncha iwe laini, maana trauti huonja na kutema mara moja. Usipousikia mguso, umemkosa. Sehemu ya chini iwe na nguvu ya kumzuia.

Vijana wenzangu, dukani utaonyeshwa ufito wa fahari, na klabuni utaambiwa desturi. Skues hakubishana kwa maneno matupu. Alikuwa na kijiko. Hata kambare wa lambo letu, mpasue kwanza uone amekula nini, ndipo ukakate mwanzi.