Shahada ya uzamivu katika historia

Shahada ya uzamivu katika historia hutolewa na chuo kikuu kwa mtafiti aliyeandika tasnifu yenye maarifa mapya kuhusu mambo ya kale. Mtafiti huongozwa na msimamizi na mwishowe huitetea kazi yake mbele ya watahini. Ugumu hasa uko kwenye ushahidi: majalada ya utawala wa Wajerumani, kwa mfano, yamegawanyika kati ya Dar es Salaam na Berlin, na mengi ya maisha ya wananchi hayakuandikwa kabisa.

Ndiyo maana kazi ya Bethwell Ogot wa Kenya inastahili heshima kubwa. Katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha London alitegemea masimulizi ya wazee wa Kijaluo, wakati wasomi wengi wa Ulaya walishikilia kuwa pasipo maandishi hapana historia. Kitabu kilichotokana nayo kilitoka mwaka 1967. Isaria Kimambo wa Tanzania, aliyesomea uzamivu Northwestern, Marekani, alifanya vivyo hivyo kwa Wapare. Kitabu chake kilichapishwa 1969. Siku hizi masimulizi hukubaliwa, mradi mtafiti ayalinganishe ukoo kwa ukoo.