Umeme vijijini: tuhesabu nguzo au nyumba?

Serikali za Afrika Mashariki zimezoea kupima usambazaji wa umeme vijijini kwa idadi ya nguzo, transfoma na vijiji vilivyofikiwa. Kipimo hicho hueleza kazi ya mkandarasi. Hakielezi iwapo mwanakijiji amewasha taa.

Nchini Tanzania, Wakala wa Nishati Vijijini, REA, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 67.5 ya wananchi waliishi mahali ambapo umeme umefika, lakini kaya zilizounganishwa zilikuwa asilimia 32.8, na vijijini asilimia 16.9 tu.

Hali ilikuwa hiyo hiyo magharibi mwa Kenya. Watafiti Kenneth Lee, Edward Miguel na Catherine Wolfram walihesabu nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma huko Busia na Siaya, wakakuta takriban asilimia 5 tu ya kaya zina umeme. Ada ya kuunganishwa wakati huo ilikuwa shilingi 35,000 za Kenya. Katika jaribio lao, ada ilipofutwa, karibu kila kaya ilikubali. Ilipopunguzwa hadi shilingi 15,000, ni takriban robo tu waliolipa.

Ada si kikwazo pekee. Nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi ni vigumu kuitandazia nyaya, na fundi naye hudai ujira wake. Ndipo kilipoingia kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari: bodi ndogo yenye swichi, soketi na mahali pa kuwekea taa, iliyokwisha kuunganishwa, hutundikwa ukutani basi. Wanasiasa hukitaja mwishoni mwa hotuba; kwa maoni yangu kingetajwa mwanzo.

Hata hivyo, UMETA inafaa nyumba ya vyumba vichache tu. Mwenye mashine kubwa ya kusaga huhitaji umeme wa njia tatu, na pale ilipofikishwa laini ya njia moja, ataendelea kununua dizeli.

Kwa hiyo tathmini ya haki ingeuliza: mwaka mmoja baada ya uzinduzi, ni kaya ngapi zimeunganishwa? Ni mita ngapi za LUKU zinazonunuliwa umeme kila mwezi? Na transfoma ikiungua, hubadilishwa baada ya siku ngapi? Ndugu walioko Muscat au London wanaochangia umeme wa nyumbani nao wana haki ya kuyauliza hayo kabla ya kutuma fedha.