Msemaji Huru wa Mnyonge



Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini nani atakayeidai haki hiyo, ikiwa mwenyewe hawezi kujisemea? Historia yetu wenyewe ina jibu.

Mwaka 1938 Serikali ya kikoloni iliamuru mifugo ya Ukambani ipunguzwe, kwa hoja kwamba ardhi imeharibika kwa malisho. Ng'ombe walikamatwa na kuuzwa kwa nguvu. Chifu aliyelipwa mshahara na Serikali ile ile hakuwa na nafasi ya kuipinga waziwazi. Ndipo watu wakajiunga katika Ukamba Members Association, na msemaji wao akawa Samuel Muindi Mbingu. Mwezi wa Julai watu wengi, wanaume, wanawake na watoto, walikwenda Nairobi kutaka kuonana na Gavana, wakakaa huko majuma kadhaa. Muindi alikamatwa akapelekwa Lamu kifungoni; lakini kabla ya mwaka kwisha amri ya kuuza mifugo kwa nguvu ilikomeshwa.

Nguvu ya msemaji yule ilikuwa nini? Hakula katika mkono wa yule aliyemkabili.

Sasa tuyatazame ya nyumbani. Katika desturi yetu, mume akifa, ndugu yake ndiye aliyekuwa mlinzi wa mjane, na mashauri yalisikilizwa na nzama ya wazee. Desturi hiyo iliwahifadhi wengi. Lakini mara nyingine mlinzi huyo huyo ndiye anayelitamani shamba. Akisimama mbele ya wazee kumsemea mjane, anamsemea nani hasa? Ndivyo ilivyo pia kwa mzee aliyepoteza kumbukumbu, au mgonjwa wa akili anayesemewa na jamaa anayengojea mali yake. Shamba hupotea bila kelele, na wote husema: jamaa zake walikubali.

Sheria ya leo imefungua mlango. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inamtambua mjane katika mali ya mumewe. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Na kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya mwingine asiyeweza kwenda mwenyewe. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria wasio mawakili. Lakini mlango hauingii mtu mwenyewe. Hapana budi awepo wa kumshika mkono mnyonge.

Mtu huyo awe na sifa gani? Asiwe mrithi, wala mdai, wala mnunuzi. Amsikilize mnyonge faraghani, mbali na jamaa. Aseme anayoyataka mnyonge, si anayoyaona yeye kuwa mema. Afuatane naye kwa chifu, hospitalini na mahakamani. Asipokee kipande cha ardhi wala mbuzi kuwa shukrani, maana siku hiyo huwa amekwisha kuwa na fungu lake.

Wazee wa Katangi, ninyi mnajua katika kila mji ni nani anayenyamazishwa. Yafaa kila mtaa uchague mtu mmoja mwanamume na mmoja mwanamke wa kazi hii, wasiohusika na shauri lililo mbele yao. Muindi alisema kwa ajili ya maelfu. Sisi twaombwa kusema kwa ajili ya mtu mmoja tu, jirani yetu.